Nani Alipie Muda wa Fundi?

Uanagenzi ni kujifunza kazi ukiwa kazini, chini ya fundi anayeimudu, kwa muda maalumu na kwa mapatano yaliyo wazi. Muda na mapatano ndivyo vinavyoutofautisha na kushinda gereji tu. Kijana aliyepelekwa na mjomba wake kwa fundi magari hujifunza kweli, ila hakuna siku iliyopangwa ya kuhitimu. Akifundishwa breki na injini, kisha umeme wa gari ukaachwa, hana pa kudai.

Chuo hutibu kasoro hiyo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufuata mtaala, na mhitimu hutoka na cheti chenye ngazi. Kinachopungua chuoni ni mazoea. Gari la karakana hufunguliwa na kufungwa bila mteja kulisubiri, na ubovu wake mwalimu keshaujua.

Ujerumani huunganisha njia hizi mbili. Kijana husaini mkataba na mwajiri, hushinda siku tatu au nne za juma kazini na zilizobaki darasani, kwa miaka miwili hadi mitatu na nusu. Hulipwa posho inayopanda kila mwaka. Mtihani wa mwisho husimamiwa na chemba ya wafanyabiashara au ya mafundi, kwa hiyo aliyemfundisha hampimi peke yake.

Sasa tupige hesabu ya mwajiri, maana hapa ndipo mipango mingi hukwama. Mwaka wa kwanza mwanagenzi ni gharama: huharibu vifaa, na saa anayoelekezwa ni saa ambayo gari la mteja halikuguswa. Mwaka wa tatu hufanya kazi inayokaribia ya fundi kwa malipo madogo, na hapo gharama hurudi. Lakini akihama mwaka wa pili kwenda kwa jirani aliyemwongezea kidogo, hasara humwangukia aliyefundisha. Ndiyo maana fundi wa mtaani hutoza ada mapema, au humtumia kijana kwa kazi za bure, au huficha sehemu ya ujuzi wake. Analinda riziki yake.

Tanzania ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambao VETA huutumia kuwapima mafundi waliojifunza nje ya chuo na kuwapa cheti. Ni jambo jema sana, kwani humpa fundi ushahidi wa anachokijua. Muda wa aliyemfundisha, hata hivyo, bado haujalipwa na mtu.

Fedha za kuulipa zinakusanywa tayari. Waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi hutoa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo Tanzania Bara ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara mwaka 2023. Kwa miaka mingi VETA imepata takriban theluthi moja tu ya tozo hiyo, huku sehemu kubwa ikielekezwa kwenye mikopo ya elimu ya juu.

Kwa maoni yangu, fungu la tozo hii limfikie fundi anayefundisha kwa mkataba: nusu mwanzoni, nusu mwanagenzi wake akifaulu mtihani uliosimamiwa na wengine. Itaulizwa kwa nini gereji ya watu wanne ifaidi tozo isiyoichangia. Ni kwa sababu vijana wanaoivia humo ndio wanaokuja kuajiriwa na kampuni zinazoichangia.