Sonona nayo inatibiwa kwa Mituweli

Sisi tuliorudi Rwanda kutoka uhamishoni, na wenzetu wanaovuka Rusumo na mizigo, tumezoea jambo moja. Mtu akikosa usingizi wiki mbili, hana hamu ya chakula wala kazi, husema ni uchovu wa safari. Nilikosoma mimi, Tanzania, huitwa sonona. Kwa Kinyarwanda ni agahinda gakabije, yaani huzuni iliyopita kiasi.

Jirani yangu, muuza vitenge, alikwenda moja kwa moja hospitali ya wilaya. Akalipa gharama zote mwenyewe, na mwezi wa pili hakuwa na fedha za kurudi. Kadi ya Mituweli alikuwa nayo mfukoni!

Utaratibu ni kuanzia kituo cha afya, ambako kwa miaka mingi mwanachama amechangia faranga 200. Ikibidi, utaandikiwa rufaa, na hospitalini utachangia asilimia 10. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuanza kusaidia, na hutumiwa kwa miezi, kwa hiyo nafuu hiyo ndiyo inayokuwezesha kuendelea.

Ndugu msomaji, mbele ya muuguzi usitaje kichwa na mgongo tu. Taja na huzuni. Mwambie pia siku zako za safari, kwani kadi hiyo haitumiki ng'ambo ya mpaka.