Magari ya umeme: Mnunuzi aahidiwa hiki, akabidhiwa kingine

Na Mwandishi Wetu

WANUNUZI wa magari ya umeme katika nchi zilizoendelea wamekuwa wakikumbana na jambo linalowashangaza wengi: gari lililotangazwa siku ya kuagiza si lazima liwe lilelile watakalokabidhiwa.

Kuanzia mwaka 2021, watengenezaji kadhaa wameondoa vifaa au huduma walizokuwa wakizinadi katika matangazo yao. Mara nyingine wamefanya hivyo wakati wateja wameshaweka malipo ya awali na wanasubiri zamu yao.

Baadhi ya vilivyoondolewa ni vitu vidogo, kama tundu la kuchajia simu. Vingine vinagusa usalama wa dereva na abiria, na hapo ndipo linapozuka swali zito: Je, mnunuzi aliambiwa, na aliambiwa lini?

Rada yaondolewa

Mfano unaojulikana zaidi ni wa kampuni ya Tesla ya Marekani. Mwezi Mei 2021 kampuni hiyo ilitangaza kuwa magari yake ya Model 3 na Model Y yanayouzwa Amerika Kaskazini hayatafungwa tena rada, na kwamba yatategemea kamera peke yake kutambua yaliyo barabarani.

Mabadiliko hayo yalikuja na upungufu. Tesla ilieleza kuwa kwa muda, huduma ya gari kujiongoza ndani ya mstari wake ingefanya kazi kwa mwendo usiozidi maili 75 kwa saa, sawa na kilometa 120 hivi. Huduma ya kuliita gari lijitoe lenyewe kwenye maegesho, na ile ya kulirudisha kwa dharura linapotoka nje ya mstari, zingeweza kuwa zimezimwa siku ya makabidhiano.

Walioagiza kabla ya mwezi huo waliambiwa kuwa watapewa taarifa kupitia akaunti zao kabla ya kukabidhiwa magari. Kwa maneno mengine, walifahamishwa baada ya kuchagua na kuagiza.

Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, iliondoa alama za kuthibitisha huduma nne za usalama, ikiwemo onyo la kugonga mbele na breki za dharura, kwa magari ya aina hizo yaliyotengenezwa kuanzia Aprili 27, 2021. Jarida la watumiaji la Consumer Reports nalo liliiondoa Model 3 katika orodha ya magari linayoyapendekeza zaidi, kisha likairejesha baadaye mwaka huohuo baada ya magari mapya kujaribiwa.

Si kwamba magari hayo yalithibitika kuwa mabovu. Tatizo lilikuwa kwamba sifa alizozisoma mnunuzi zilitokana na majaribio ya gari lenye rada, ilhali alilokuwa akiletewa halikuwa nayo.

Mwezi Oktoba 2022 hali hiyo ilijirudia. Tesla ilitangaza kuondoa vifaa 12 vinavyotumia mawimbi ya sauti kupima umbali wa vikwazo vilivyo karibu na gari. Magari yaliyotoka bila vifaa hivyo yalikosa msaada wa kuegesha na uwezo wa kujiegesha yenyewe. Msaada wa kuegesha kwa kutumia kamera ulianza kurejeshwa Machi 2023, lakini baadhi ya huduma nyingine zilisubiriwa hadi mwaka 2024.

Kwa nini hutokea

Sababu ya kwanza ni uhaba wa chipu za kompyuta ulioikumba dunia kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020. Ugonjwa wa Uviko-19 ulipoingia, viwanda vya magari vilipunguza oda zao za chipu, huku mahitaji ya kompyuta za nyumbani na vifaa vingine vya elektroniki yakipanda. Soko la magari liliporudi, watengenezaji wa chipu walikuwa wameshajaziwa oda na wateja wengine.

Gari la kisasa hutumia chipu nyingi, na kukosekana kwa moja tu huweza kulizuia lisitoke kiwandani. Kampuni zikabaki na njia mbili: kuyaacha magari yasubiri uwanjani, au kuyatoa bila kifaa kinachohitaji chipu hiyo.

Novemba 2021 wateja kadhaa wa Tesla walikabidhiwa magari yasiyo na tundu za USB. Mwezi huohuo kampuni ya BMW ya Ujerumani iliondoa uwezo wa kutumia kioo cha mguso katika baadhi ya magari yake, na kuwapa wanunuzi nafuu ya dola 500. Mengi ya magari hayo ya BMW hayakuwa ya umeme, lakini mfano huo unaonyesha kwamba upungufu unaweza kuambatana na fidia.

Sababu ya pili ni gharama. Mwaka 2021 Tesla ilikabidhi wateja magari zaidi ya 936,000. Kwa idadi hiyo, kifaa cha dola moja kikiondolewa katika kila gari huokoa karibu dola milioni moja kwa mwaka.

Hesabu ya namna hiyo ndiyo iliyokiondolea kiti cha abiria wa mbele, katika Model 3 na Model Y, mtambo wa kuegemeza kiuno. Mkuu wa kampuni hiyo, Elon Musk, alieleza mwaka 2021 kuwa kumbukumbu za magari zilionyesha kuwa karibu hakuna aliyekuwa akiutumia. Katika mwaka huohuo bei za magari hayo zilipanda mara kadhaa.

Sababu ya tatu ni programu. Gari la umeme la leo hupokea programu mpya kupitia mtandao likiwa limeegeshwa nyumbani kwa mwenyewe. Uwezo huo una manufaa, lakini pia humpa mtengenezaji mwanya wa kuuza gari ambalo halijakamilika na kuahidi kuwa kilichopungua kitafuata.

Kampuni ya Volvo ya Sweden ilipoizindua EX90 mwaka 2022, ilinadi kifaa cha lida, kinachopima umbali kwa miale ya leza, kuwa nguzo ya usalama wa gari hilo. Wateja wa kwanza walianza kulipokea mwaka 2024, lida ikiwa juu ya paa lakini haijaanza kufanya kazi. Kwa magari ya toleo la mwaka 2026, Volvo iliiondoa kabisa.

Yanayofichika

Kilichoondolewa machoni pa mteja angalau huonekana. Februari 2022 kituo cha habari cha CNBC kiliripoti kuwa Tesla, ikihangaika kutimiza malengo ya mauzo ya mwisho wa mwaka 2021, iliondoa kompyuta moja kati ya mbili zinazosimamia usukani katika makumi ya maelfu ya magari yaliyotengenezwa Shanghai, China.

Kwa mujibu wa taarifa hiyo, kompyuta iliyoondolewa ilihesabiwa kuwa ya akiba, na wateja hawakuarifiwa. Dereva wa kawaida asingeweza kugundua kwa kuangalia wala kwa kuendesha.

Pia kuna ahadi ambazo hupungua wakati foleni ya wateja ikiendelea kusubiri. Gari la Cybertruck lilipozinduliwa Novemba 2019, Tesla ilitaja bei ya kuanzia dola 39,900, na toleo la juu lenye uwezo wa kwenda zaidi ya maili 500 kwa chaji moja. Makabidhiano yalipoanza Novemba 2023, bei ya chini iliyotangazwa ilikuwa dola 60,990, na masafa marefu zaidi yalikuwa maili 340.

Kuziba pengo hilo, wateja walielezwa kuwa wataweza kununua betri ya ziada kwa dola 16,000. Mei 2025 mpango huo ulifutwa, na waliokuwa wameweka dola 2,000 za awali wakarejeshewa.

Mkataba na sheria

Wanunuzi wengi hudhani kuwa tangazo ni mkataba. Lakini nyaraka za mauzo ya magari kwa kawaida huwa na kifungu kinachomruhusu mtengenezaji kubadili sifa za gari bila taarifa. Mteja asiyeridhika huweza kujitoa, lakini huenda akapoteza ada ya kuagiza na hulazimika kupanga foleni upya kwingine.

Hata hivyo, sheria katika nchi nyingi hazimwachi mnunuzi mikono mitupu. Uingereza, kupitia Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015, hutaka bidhaa ilingane na maelezo yaliyotolewa. Umoja wa Ulaya una kanuni zilizoanza kutumika Januari 1, 2022, zinazozingatia pia yaliyosemwa katika matangazo, na zinahusu hata bidhaa zenye programu ndani yake.

Sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya na Tanzania, zilizorithi misingi ya sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, nazo zinataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo.

Linavyotuhusu

Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi, habari za kuagiza gari jipya kutoka kiwandani zaweza kuonekana za mbali. Hata hivyo, magari mengi yanayoingia Afrika Mashariki ni yaliyokwishatumika, na huko nako hatari ipo.

Mapema mwaka 2020 iliripotiwa nchini Marekani kuwa mtu aliyenunua Tesla Model S iliyotumika kwa mfanyabiashara wa magari alikuta huduma za kujiendesha zilizotajwa wakati wa mauzo zimeondolewa. Kampuni ilikuwa imezizima kwa mbali baada ya mfanyabiashara huyo kulinunua gari mnadani. Thamani yake ilikuwa dola 8,000. Baada ya malalamiko kusambaa, huduma hizo zilirejeshwa.

Hapo ndipo gari la umeme linapotofautiana na magari yaliyozoeleka. Injini ya gari la kawaida haiwezi kuchukuliwa na kiwanda baada ya mauzo, lakini huduma inayotegemea programu huweza kuzimwa hata gari likiwa limevuka bahari.

Upande wa usukani nao umewahi kuondolewa katika orodha. Mei 2023 Tesla ilitangaza kutotengeneza tena Model S na Model X zenye usukani wa kulia, na kuwaacha wateja wa Uingereza na Australia waliokuwa wamesubiri kwa miaka wachague gari jingine au warejeshewe fedha. Tanzania, Kenya na Uganda zote huendesha upande wa kushoto na hutumia usukani wa aina hiyo.

Kwa anayetaka kununua, jambo la kwanza ni kuhifadhi orodha kamili ya sifa za gari kama ilivyosomeka siku ya kuagiza, ikiwa na tarehe. Pili, amtake muuzaji athibitishe kwa maandishi, kabla ya malipo ya mwisho, kuwa hakuna kilichobadilika. Kwa gari lililotumika, aulize ni huduma zipi zimefungamana na akaunti ya mmiliki wa kwanza.

Siku ya makabidhiano, kila kilichoandikwa kijaribiwe kabla ya kutia saini. Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini deni lisiloandikwa ni gumu kulidai, na saini ikishawekwa muuzaji huweza kudai kuwa mteja aliliona gari na akaridhika nalo.