Mbona Kazi za TEHAMA Hukosa Watu Ilhali Vijana Wanatafuta Kazi?

Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti inapotangaza nafasi ya msimamizi wa hifadhidata au afisa wa usalama wa mitandao, maombi humiminika. Hata hivyo, baada ya stakabadhi kukaguliwa na watu kuhojiwa, si ajabu kukosekana hata mmoja anayetosha. Wakati mwingine anayetosha hupatikana na kuandikiwa barua, lakini kabla ya siku ya kuripoti huwa ameshachukuliwa na mwajiri mwingine. Nafasi hiyo hulazimika kutangazwa upya.

Wakaazi huuliza, na ni haki yao kuuliza: kazi hizi hukosaje watu ilhali vijana waliohitimu wamejaa mitaani? Makala haya yanaeleza sababu zake, hasara anayopata mwananchi, na hatua ambazo kijana anayetaka kazi hizi anaweza kuchukua.

Wanaowatafuta wameongezeka

Kuna wakati tarakilishi katika ofisi nyingi za umma ilikuwa ya kuchapia barua tu. Leo, katika kaunti nyingi, leseni ya biashara, ada ya maegesho na kodi ya ardhi hulipwa kwa simu. Malipo ya serikali za kaunti zote 47 hupitia mfumo wa IFMIS. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF, hospitali huthibitisha usajili wa mgonjwa na kudai malipo kupitia mtandao. Mamlaka ya Ushuru (KRA) nayo inawataka wafanyabiashara kutoa ankara kupitia eTIMS.

Sheria pia imeongeza mahitaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka kila anayehifadhi habari za watu, iwe ni hospitali, shule, Sacco au serikali ya kaunti, azilinde. Habari hizo zikivuja na kuwaweka wenyewe hatarini, Kamishna wa Ulinzi wa Data hupaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa karani wa masjala. Benki nazo zimekuwa chini ya mwongozo wa Benki Kuu kuhusu usalama wa mitandao tangu 2017, mwongozo unaozitaka ziwe na afisa mkuu wa kushughulikia suala hilo.

Kwa hiyo mtaalamu yule yule anatafutwa na kaunti, benki, kampuni ya simu, hospitali na Sacco kwa wakati mmoja. Kampuni za kigeni pia zimo katika kinyang'anyiro hicho. Microsoft ilifungua kituo cha kuunda programu jijini Nairobi mwaka 2019, na Google ikatangaza chake mwaka 2022. Isitoshe, mtaalamu aliye na intaneti nzuri anaweza kufanyia kampuni ya Ulaya kazi akiwa nyumbani kwao na kulipwa kwa dola.

Uhaba huu haupo Kenya pekee. Shirika la ISC2, ambalo hutoa vyeti vya usalama wa mitandao kote duniani, lilikadiria mwaka 2023 kwamba dunia ilipungukiwa na takriban wataalamu milioni 4 katika taaluma hiyo peke yake.

Wenye vyeti ni wengi, wenye ujuzi unaotakiwa ni wachache

Vijana wengi wanapomaliza Kidato cha Nne hujiunga na masomo ya miezi michache ya tarakilishi, yale maarufu kama "pakeji". Humo hujifunza kuchapa barua, kutengeneza majedwali na kutumia barua pepe. Ujuzi huo unamfaa kila mfanyakazi, lakini haumfanyi mtu kuwa mtaalamu wa TEHAMA, kama vile leseni ya udereva isivyomfanya mtu kuwa makanika.

Kazi zinazokosa watu ni nyingine. Msimamizi wa mtandao huunganisha hospitali, ofisi za wadi na makao makuu, na kutafuta hitilafu mawasiliano yanapokatika. Msimamizi wa hifadhidata huhakikisha rekodi za walipa ada na wagonjwa hazipotei, na kwamba zina nakala za akiba zinazoweza kurejeshwa. Afisa wa usalama huziba mianya kabla wadukuzi hawajaiona. Mwunda programu huandika na kurekebisha mifumo yenyewe.

Hata mwenye shahada anaweza kukwama kwenye mahojiano ikiwa hajawahi kugusa mfumo unaotumika. Tangazo nalo huenda likadai uzoefu wa miaka mitatu, na kijana hawezi kuupata uzoefu bila kuajiriwa kwanza. Hapo ndipo wengi hukwama.

Kaunti haiwezi kupandisha mshahara itakavyo

Benki ikimtaka mtaalamu, inaweza kumwongezea mshahara leo na kumwajiri kesho. Serikali ya kaunti haina uhuru huo. Mishahara katika utumishi wa umma hufuata viwango na ushauri wa Tume ya Mishahara na Marupurupu (SRC). Kanuni za usimamizi wa fedha za umma za mwaka 2015 nazo zinasema matumizi ya kaunti kwa mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato yake yote. Kila nafasi ya TEHAMA inashindania fungu hilo na nafasi za wauguzi, walimu wa chekechea na maafisa wa kilimo.

Utaratibu nao huchukua muda. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka nafasi zitangazwe hadharani na watu wachaguliwe kwa haki. Pia inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia kazi ziende kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti. Masharti haya humlinda mwananchi dhidi ya upendeleo, kwa hivyo hayafai kurukwa. Lakini huku hatua zikifuatwa moja baada ya nyingine, mwajiri wa kibinafsi huwa ameshafanya uamuzi.

Anayelipia pengo ni mwananchi

Mfumo wa ukusanyaji ada ukizimika na wa kuurekebisha hayupo, mwenye duka hukosa leseni na kubaki na hofu ya askari wa kaunti. Ada ikianza kupokewa kwa pesa taslimu, milango ya ufisadi hufunguka. Mfumo wa hospitali ukikwama, mgonjwa huketi kwenye foleni akisubiri kuthibitishwa. Julai 2023, tovuti ya eCitizen iliposhambuliwa na wadukuzi, Wakenya wengi waliona jinsi huduma zinavyoweza kukwama kwa ghafla.

Njia moja ya kuziba pengo ni kukodisha kampuni ya nje. Njia hiyo ina manufaa, lakini kaunti isiyo na wataalamu wake haiwezi kujua kama ilichouziwa kina thamani ya pesa zilizolipwa. Mkataba ukivunjika, kampuni inaweza kuondoka na nywila pamoja na ujuzi wote wa kuendesha mfumo, na mkaazi akalipia mfumo mwingine upya.

Njia ya kudumu ni kulea wataalamu: kuwapokea wanagenzi na kuwapa kazi halisi chini ya usimamizi, na kuwasomesha wafanyakazi waliopo kwa mkataba wa kuhudumu kwa muda fulani baada ya mafunzo. Vyuo vya mafunzo ya ufundi vya mashinani, ambavyo viko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba, vinaweza kuwa mahali pa kuanzia.

Kijana afanye nini?

- Achague taaluma moja, kwa mfano mitandao, hifadhidata au usalama, badala ya kukusanya vyeti vya pakeji.
- Anayetafuta chuo ahakikishe kimesajiliwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi (TVETA).
- Anayehitimu shahada ya TEHAMA au uhandisi afuatilie matangazo ya Mpango wa Rais wa Vipaji vya Kidijitali, unaosimamiwa na Mamlaka ya TEHAMA, ambao huwapa wahitimu mafunzo kazini.
- Asiye na uzoefu wa kuajiriwa aonyeshe alichofanya: mtandao aliouweka shuleni, programu aliyoiundia Sacco, au tarakilishi alizozikarabati.
- Anayeomba kazi asome tangazo hadi mwisho na kuambatisha kila stakabadhi iliyotajwa. Maombi yenye upungufu huondolewa mapema, hata kama mwenyewe ana ujuzi.
- Asimlipe mtu yeyote. Kuomba kazi katika serikali ya kaunti ni bure, na anayedai "kitu kidogo" ili kupitisha jina aripotiwe kwa polisi au kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC).