Maji ya chumvi au maji magumu? Pima kabla ya kununua mtambo

MGENI atokaye Nairobi akioga kwa maji ya kisima huko Kisauni au Likoni kwa mara ya kwanza, hudhani ameuziwa sabuni mbovu. Atasugua, asugue tena, lakini povu halitoki. Badala yake ataona utando wa kijivujivu ukielea ndani ya beseni. Akimwuliza mwenyeji wake, mara nyingi atajibiwa kwa neno moja tu: “Chumvi hiyo!”

Jibu hilo huenda si sahihi. Nalo kosa hilo dogo, la kulipa jambo jina lisilo lake, laweza kumfanya mwenye nyumba atoe maelfu ya shilingi kununua mtambo usiomfaa.

Maji ya chumvi ni yale yenye chumvi ile ile tunayotia katika mchuzi. Ulimi huitambua mara moja. Maji magumu ni mengine. Haya yana madini ya kalisi na magnesi, na yaweza kuwa hayana ladha ya chumvi hata kidogo. Karibu na bahari, kisima kimoja chaweza kuwa na yote mawili.

Jiwe ndani ya birika

Ugumu huu watoka wapi? Kisiwa cha Mombasa na sehemu kubwa ya pwani yake vimekalia mawe ya matumbawe, mawe yale yale yaliyojenga Fort Jesus tangu mwaka 1593 na ambayo wenyeji huchoma kupata chokaa. Mvua ikinyesha, maji huchukua hewa ya kaboni kutoka angani na udongoni, yakawa na ukali kidogo. Yakipenya ardhini huyeyusha jiwe hilo polepole na kulibeba hadi kisimani.

Ukiyachemsha maji hayo, hewa hiyo hutoka na jiwe likarudi kuwa jiwe. Huo ndio ukoko mweupe unaouona ndani ya birika, kwenye matundu ya shawa na juu ya chuma cha hita. Ukoko huo huzuia joto kufika majini. Kwa hivyo hita hutumia umeme zaidi, na mwishowe chuma chake huungua kabla ya wakati.

Nairobi hali ni tofauti. Maji mengi ya mfereji huko hutoka mito ya milima ya Aberdare, kupitia mabwawa kama Ndakaini na Sasumua, nayo ni laini. Ndiyo maana mgeni wetu alishangaa.

Je, maji magumu yanadhuru afya? Hapana. Shirika la Afya Duniani halikuweka kiwango cha ugumu kwa sababu ya afya, na kwa hakika kalisi na magnesi ni madini ambayo mwili huyahitaji. Hasara yake ni ya sabuni, vyombo na mfuko.

Mitambo ya aina mbili

Mtambo wa kale wa kulainisha maji hutumia chumvi. Ndani yake mna punje ndogo zinazonasa kalisi na kuachilia sodiamu mahali pake. Punje zikijaa, huoshwa kwa maji ya chumvi, na maji hayo machafu humwagwa. Mtambo huu hulainisha maji kweli kweli, na sabuni hutoa povu. Lakini chumvi hununuliwa kila mara, na mtu aliyekatazwa chumvi na daktari hana budi kuwa na mfereji wa kando wa maji ya kunywa.

Isitoshe, maji yale ya chumvi lazima yaende mahali. Huko Santa Clarita, jimbo la California nchini Marekani, wapiga kura waliidhinisha mwaka 2008 kuondolewa kwa mitambo hiyo majumbani kwa sababu chumvi yake ilikuwa ikiishia mtoni. Kwetu pwani, ambako nyumba nyingi hutumia mashimo ya maji machafu, chumvi hiyo yaweza kurudi katika ardhi ile ile tunayochimba visima.

Ndipo ukaja mtambo usiotumia chumvi. Ndani yake mna punje za namna nyingine ambazo hugeuza sehemu ya kalisi kuwa vijiwe vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vijiwe hivyo huelea na kupita na maji badala ya kuganda kwenye bomba na hita. Kwa kawaida hauhitaji umeme, wala haumwagi maji.

Hata hivyo, hapa ndipo mnunuzi anapaswa kufungua macho. Mtambo huu hauondoi kalisi. Huibadilisha hali tu. Maji yatabaki magumu, na sabuni itaendelea kukataa kutoa povu. Muuzaji akikuahidi hita isiyoshika ukoko, huenda asema kweli. Akikuahidi nguo laini na povu tele, anakudanganya. Tena maji yakiwa na chuma au klorini nyingi, punje zake huharibika, na hata zikitunzwa hufika siku zikahitaji kubadilishwa.

Vifaa vya sumaku vinavyofungwa nje ya bomba ni suala jingine. Majaribio yake yametoa majibu yanayopingana, kwa hivyo usivitegemee.

Hakuna hata mmoja kati ya mitambo hii unaoondoa chumvi ya bahari kisimani. Kazi hiyo huhitaji mtambo wa kusukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba mno. Wala hauui viini vya kipindupindu. Maji ya kunywa bado yachemshwe au yatiwe dawa.

Jaribio la chupa tatu

Kabla ya kutoa pesa, fanya jaribio hili, ambalo hata mwanafunzi aliliweza. Chukua chupa tatu. Ya kwanza itie maji ya mvua, ya pili maji ya kisima, na ya tatu maji ya kisima yaliyochemshwa, yakapoa na kuchujwa kwa kitambaa. Katika kila chupa tia kipande sawa cha sabuni ya mche, kisha utikise.

Chupa ya pili ikikosa povu na ya tatu ikalitoa, ugumu wenu ni ule unaoondoka kwa kuchemsha, nao ndio unaogandisha ukoko kwenye hita. Hapo mtambo usio na chumvi waweza kukufaa. Zote mbili zikikosa povu, mtambo huo hautakusaidia sana. Peleka maji maabara yapimwe. Zaidi ya miligramu 180 kwa lita ni magumu sana.

Kwa asiye na pesa za mtambo, njia zipo. Kinga maji ya mvua kutoka mabati. Hayo ni laini bila gharama. Kwa kufulia, tia kijiko cha magadi katika ndoo, ngoja maji yatulie, kisha mimina yale safi ya juu. Usiyanywe, kwani magadi ya ziwani yana floraidi, na usiyatumie kwa sufuria za alumini. Ukoko wa birika nao huondolewa kwa siki au maji ya ndimu yaliyoachwa saa chache, ila usichanganye na dawa ya klorini ya kung’arishia nguo, kwani hutoa hewa ya sumu.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Basi kabla hujamwita fundi, ita kwanza zile chupa tatu.