Sikukuu za Wajapani: jiko linapomwambia mkulima avune lini

Vijana wengi wakianza kilimo biashara huuliza, "nipande nini?" Swali zuri, ila lenye pesa zaidi ni hili: nivune lini? Leo tujifunze kwa Wajapani. Kwao chakula cha nyumbani kinafuata tarehe, na mkulima akichelewa tarehe hiyo, soko limeshafunga.

Wana neno lao, shun. Ni kile kipindi kifupi zao linapokuwa tamu kuliko wakati wowote. Mazao ya kwanza kabisa huitwa hashiri, na watu hutoa hela ya ziada ili waonje mapema. Ya mwisho wa msimu huitwa nagori. Jambo hili wanalichukulia kwa uzito. Mwaka 2013 UNESCO iliyaingiza mapishi yao ya asili, washoku, kwenye orodha ya urithi wa utamaduni, na ikataja hasa sherehe za Mwaka Mpya.

Mwaka wao jikoni

Mwaka Mpya huliwa osechi, vyakula vidogo vidogo vinavyopangwa kwenye masanduku yanayobebana. Hupikwa mapema kwa sukari, siki na sosi ya soya ili vikae siku 3 bila mama wa nyumbani kuwasha jiko sana. Kila kimoja kina dua yake. Soya nyeusi ni kwa afya na bidii ya kazi. Mzizi wa yungiyungi una matundu, basi ni kuona mbele. Kamba aliyejikunja ni kuomba uzee mwema mpaka mgongo upinde. Halafu kuna dagaa wakavu wenye sukari na sosi, wanaitwa tazukuri, maana yake "kutengeneza shamba la mpunga". Kwa nini? Kwa sababu zamani dagaa walikuwa mbolea ya majaruba. Dua yao ni mavuno mengi.

Tarehe 7 Januari wanakula uji wa mchele wenye majani ya aina 7, kupumzisha tumbo baada ya sikukuu. Mwanzoni mwa Februari ni Setsubun: soya za kukaanga hurushwa kufukuza mikosi, kisha kila mtu anakula punje kulingana na umri wake. Tarehe 3 Machi ni siku ya wasichana, kuna wali wa siki uliopambwa kwa mayai, mboga na samaki. Tarehe 5 Mei, siku ya watoto, kuna keki za mchele zilizofungwa kwa jani la mwaloni. Jani hilo kuukuu halidondoki mpaka chipukizi jipya litokee, ndiyo maana ni ishara ya ukoo usiokatika.

Desemba 21 au 22, siku fupi kuliko zote, huliwa boga liitwalo kabocha. Usiku wa Desemba 31 ni tambi ndefu za soba, kuombea maisha marefu. Na mtoto akizaliwa au akimaliza shule, familia hupika sekihan: mchele wa kunata na maharage mekundu madogo, juu yake ufuta mweusi na chumvi.

Sasa, mkulima anapata nini hapo?

*Kwanza, anahesabu kurudi nyuma.* Yale majani 7 yana soko la siku chache tu. Tarehe 8 nani atanunua? Na ugumu uliongezeka mwaka 1873, Japani ilipoanza kutumia kalenda hii tunayotumia sisi. Tarehe 7 Januari ikahamia kwenye baridi kali, wakati majani mengi bado hayajachipua. Leo wanayakuza kwenye kitalu nyumba ili yafike dukani siku yake.

*Pili, anahifadhi.* Kabocha huvunwa kiangazi, miezi kadhaa kabla ya kuliwa Desemba. Halipelekwi sokoni kwa pupa. Hukaushwa kikonyo, huwekwa pakavu penye hewa, na humo ndani wanga wake hugeuka sukari. Boga lililotunzwa vizuri ni tamu kuliko la kuvunwa jana. Miezi ambayo mashamba ya Japani hayana boga, New Zealand na Mexico ndizo zinazouza. Wameona pengo, wakaliziba.

*Tatu, anasogeza msimu.* Stroberi kwa asili huiva majira ya kuchipua. Lakini Wajapani hula keki ya krimu na stroberi Krismasi. Wakulima huipa miche ubaridi na siku fupi ili itoe maua mapema, kisha huilea ndani ya kitalu nyumba. Desemba matunda yapo, na bei iko juu.

Na sisi je?

Kuna zao letu linalofika kwenye meza hizo: ufuta. Japani hulima ufuta kidogo mno, karibu wote huagiza nje, na Tanzania ni mojawapo ya nchi zinazowauzia. Lakini tangu 2006 sheria yao ni kali. Kiuatilifu ambacho hakikuwekewa kiwango maalumu, mabaki yake yasizidi miligramu 0.01 kwa kilo. Hiyo ni sawa na gramu 1 ndani ya tani 100! Kwa hiyo usipulizie dawa ya kuazima kwa jirani, heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna, anika juu ya turubai, na andika kila dawa uliyotumia. Mzigo mmoja mchafu unaweza kuharibu jina la wengi.

Na kwa soko la hapa nyumbani, chukua kalenda sasa hivi. Weka alama siku ambayo watu watakula zao lako. Toa siku za usafiri, toa siku za kukausha au kuivisha, toa siku za kukomaa. Hapo ndipo pa kupanda. Kama unalenga tikiti la Ramadhani, kumbuka mwezi huo unarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Ukipanda kwa tarehe ya mwaka jana, tikiti zako zitachelewa kwa siku hizo 10 au 11.

Kila la heri shambani.