Mwenye Gari la Farasi na Tamasha la Tours

Muhula huu chama chetu cha michezo kimetengeneza picha fupi ya sinema ya dakika 12. Ni habari za mzee mmoja aendeshaye chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili ambalo hapa kwetu Kivu hubeba makaa, viazi na kila mzigo uwezao kufungwa kwa kamba. Picha ilipigwa kwa simu ya mmoja wetu. Ilipokwisha tukakubaliana kuipeleka kwenye tamasha dogo la picha fupi, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Wengine walisema maneno yake yawe ya Kifaransa, ili waamuzi wayaelewe. Wengine walisema yawe ya Kiswahili, kwa kuwa ndicho asemacho mzee mwenyewe. Mambo yakawa makali hata rafiki wawili wakaacha kusemezana.

Mwalimu wetu hakutaka kutuamua. Alituita jioni moja akatuonyesha picha iitwayo Borom Sarret. Nimeona vema niwaeleze habari zake, maana aliyeitengeneza alikutana na swali letu hili hili kabla yetu.

Mtu huyo ni Ousmane Sembène, aliyezaliwa mwaka 1923 Ziguinchor, kusini mwa Senegali. Baba yake alikuwa mvuvi. Shule aliiacha mapema, akafanya kazi za mikono, baadaye akawa askari katika vita vya pili vya dunia. Vita vilipokwisha alivuka bahari akawa kuli wa bandarini Marseille, Ufaransa. Huko alijifunza mengi kwa kusoma vitabu, naye akaandika vyake. Cha kwanza kilitoka mwaka 1956.

Lakini jambo moja lilimsumbua. Vitabu vyake vilikuwa vya Kifaransa, na watu aliowaandika, yaani makuli, wavuvi na wafanyakazi wa reli, wengi wao hawakuweza kuvisoma. Basi akaamua kujifunza sinema, kwa kuwa picha humfikia hata asiyejua herufi. Mwaka 1962 alikwenda Moscow, akafundishwa kazi hiyo, kisha akarudi Dakar.

Labda msomaji atauliza: kwa nini Waafrika hawakutengeneza picha zao zamani zaidi? Fedha ilikuwa sababu moja, lakini haikuwa ya pekee. Mwaka 1934 serikali ya Ufaransa ilitoa amri kwamba mtu asipige picha za sinema katika makoloni yake ya Afrika bila ruhusa ya wakubwa. Ndiyo maana Paulin Vieyra na wenziwe walipotaka kutengeneza picha yao mwaka 1955, waliipiga Paris. Sembène alipoanza kazi, Senegali ilikuwa imekwisha kupata uhuru tangu 1960. Wengi huihesabu Borom Sarret ya mwaka 1963 kuwa picha ya kwanza ya Mwafrika mweusi iliyopigwa katika nchi yake mwenyewe na kujulikana ulimwenguni.

Picha hiyo haifiki dakika 20, nayo haina rangi. Jina lake kwa Kiwolofu ni mwenye gari la farasi. Asubuhi mtu huyu anasali, anaagana na mkewe, anatoka kutafuta riziki. Abiria wengine hawamlipi. Anambeba mwanamke aendaye kujifungua. Kisha mwimba sifa anawasifu babu zake, naye kwa kujisikia mkubwa anampa fedha zote alizopata. Baba mmoja anambebesha maiti ya mtoto wake mchanga. Makaburini mlinzi anawakataza kuingia kwa sababu hati si kamili, na mwenye gari anaondoka akimwacha baba yule na maiti yake. Mwisho mtu aliyevaa vizuri anamwomba ampeleke mtaa wa Plateau, mtaa wa wakubwa, ambako magari ya farasi yamekatazwa. Askari anamkamata, anakanyaga nishani yake ya vita, analichukua gari. Yule tajiri anakwenda zake bila kulipa. Mwenye gari anarudi nyumbani na farasi tu. Mkewe anamkabidhi mtoto, anatoka, akisema kwamba usiku huo watakula. Wapi atapata chakula, hatuambiwi. Ukumbi wetu wote ulikaa kimya.

Mwaka huo huo wa 1963 picha ilionyeshwa Tours, mji wa Ufaransa ulio kando ya mto Loire. Tours haikuwa na fahari ya Cannes wala Venice, ila katika miaka ile ilikuwa na tamasha la picha fupi tu. Yafaa kueleza kazi ya tamasha la namna hii. Picha fupi haina soko kubwa. Wenye majumba ya sinema hutaka picha ya saa moja na nusu au zaidi, kwa kuwa ndiyo ilipiwayo kiingilio. Mtengenezaji anayejitegemea, asiye na kampuni nyuma yake, hana mahali pa kuonyesha kazi yake. Tamasha humpa mahali hapo. Yeye hutuma nakala, kamati huichagua au huikataa, kisha huonyeshwa pamoja na nyingine mbele ya wageni na baraza la waamuzi. Zamani hizo nakala ilikuwa mzigo wa kweli: ukanda wa milimita 35 hupita katika mashine kiasi cha mita 27 kila dakika, kwa hiyo picha ya dakika 20 ni ukanda wa zaidi ya mita 500. Siku hizi picha hutumwa kwa intaneti.

Waamuzi wa Tours waliipa Borom Sarret zawadi ya kazi ya kwanza. Watu wasiopata kumwona mwendesha gari wa Dakar walikuwa wamemtazama na kumhesabu kuwa mtu. Faida ya tamasha dogo ni hiyo: hukuletea watazamaji ambao si ndugu zako wala majirani zako, wasio na sababu ya kukupigia makofi kwa huruma.

Hata hivyo zawadi haikumaliza swali la Sembène. Mwenye gari wa picha ile anawaza kwa Kifaransa. Waamuzi walimwelewa, lakini waendesha magari wenyewe wa Dakar, waliosema Kiwolofu, je? Mwaka 1968 Sembène alitoa Mandabi, na humo watu wakasema Kiwolofu, lugha yao. Picha hiyo ilipelekwa Venice mwaka huo huo, na huko pia ilipata zawadi. Basi lugha ya nyumbani haikumfungia mlango wa ugenini.

Kadhalika hakutaka picha za Afrika ziamuliwe Ulaya peke yake. Mwaka 1966 picha yake ndefu ya kwanza ilipata zawadi kuu katika tamasha la Carthage, Tunisia. Mwaka 1969 alikuwa miongoni mwa walioanzisha tamasha la Ouagadougou, katika nchi iitwayo leo Burkina Faso. Tena alizoea kuzichukua picha zake mwenyewe hadi vijijini, akazungumza na watu baada ya kuzitazama. Alisema sinema ni shule ya jioni. Alifariki Dakar mwaka 2007. Jirani zetu wa Rwanda nao, katika tamasha lao lililoanza mwaka 2005, walizichukua picha hadi vilimani, zikaonyeshwa uwanjani.

Sasa nirudi kwenye ugomvi wetu. Baada ya jioni ile tulipiga kura. Picha yetu itasema Kiswahili, na maneno ya Kifaransa yataandikwa chini yake kwa ajili ya waamuzi. Nakiri kwamba mimi nilikuwa upande wa Kifaransa. Nilifikiri zaidi habari za zawadi kuliko habari za mzee.

Lakini kabla ya kuituma tutatundika shuka jeupe karibu na soko, mahali wanapopumzika waendesha chukudu. Mzee wetu ataketi mbele. Akisema tumemwonyesha sivyo alivyo, tutaikata upya, hata kama siku ya mwisho ya kutuma itatupita. Ninyi mliosoma hapa zamani na mnaokaa mjini, karibuni siku hiyo. Na mwenye mashine ya kuonyeshea picha, twamwomba atuazime.