Maua nyuma ya daftari la hesabu

Leo naomba tuweke pembeni siasa na foleni ya malori hapa Tunduma, tuongelee maua. Msicheke, mwisho wake ni hesabu.

Likizo ya mwezi wa sita dada yangu alikuja kwangu na daftari la hesabu la mwanawe, yuko kidato cha pili. Kurasa za mbele ni makosa matupu. Za nyuma ni maua. "Kaka, mtihani wa taifa ni mwezi wa kumi na moja na huyu anachora tu. Hili nalichoma."

Nikamwambia subiri kwanza. Ua moja lilinishika. Kila ncha ya petali binti kaweka ua dogo, kwenye ncha za hilo dogo kaweka dogo zaidi, hivyo hivyo mpaka kalamu ikashindwa.

Kitu hicho kina jina lake, wadau: fraktali. Neno hilo lilitungwa mwaka 1975 na Benoit Mandelbrot, mwanahisabati aliyezaliwa Warsaw, Poland, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuvunjika. Kwa lugha nyepesi ni umbo ambalo ukichukua kipande chake na kukikuza, kinafanana na lile zima. Nyofoa kijitawi cha koliflawa uone, nacho ni koliflawa ndogo. Angalia mti: tawi lina umbo la mti, na kijiti cha kwenye tawi vile vile.

Wanaochora sanaa hii kwa kompyuta hawachori kila petali kwa mkono. Wanaipa programu kanuni fupi, nayo inairudia mara maelfu. Mwaka 1988 Michael Barnsley alionyesha kwenye kitabu chake kwamba kanuni nne tu, zikirudiwa, zinatoa picha ya jani lililochanika kama unyoya, mfano wa yale ya mimea ya kivulini kando ya mito. Ukiliona utadhani limepigwa picha porini.

Sasa alizeti, maana hapa Songwe tunailima. Chukua kichwa kilichokomaa, uangalie mbegu. Zimejipanga kwa mistari inayozunguka, mingine kulia, mingine kushoto. Ihesabu. Mara nyingi utapata 34 upande mmoja na 55 upande mwingine. Kichwa kikubwa kinaweza kutoa 55 na 89. Sababu yake ni kwamba kila chipukizi cha mbegu hutokea kwa kugeuka kama nyuzi 137.5 kutoka kilichotangulia, na kwa pembe hiyo mbegu zinajaa bila kuacha mapengo. Hapa niseme ukweli, alizeti si fraktali kamili, kwa sababu mbegu moja haifanani na kichwa kizima. Ila somo ni lile lile: kanuni ndogo ikirudiwa bila kuchoka inazaa uzuri mkubwa. Ndiyo maana wasanii wa fraktali wanaipenda sana.

Na msidhani haya ni ya Ulaya peke yake. Vuka mpaka hapo Nakonde, shuka mpaka kusini mwa Zambia kwa Waila. Mmarekani Ron Eglash, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu fraktali za Afrika, alieleza kijiji chao cha zamani kilivyoonekana kwenye picha iliyopigwa kutoka angani. Kijiji kizima ni duara. Duara hilo limeundwa na maboma ya familia, na kila boma nalo ni duara la nyumba. Ndani kabisa, upande wa nyuma, kuna boma la chifu, mfano mdogo wa kijiji chote. Hawakuwa na kompyuta wale, lakini kanuni walikuwa nayo.

Basi nikampa mpwa wangu kazi, nanyi jaribuni na watoto nyumbani. Chora shina la sentimita 9. Juu yake weka matawi 2 ya sentimita 6. Juu ya kila tawi weka mengine 2 ya sentimita 4. Endelea hivyo, kila mara urefu uwe theluthi mbili ya uliotangulia. Ukishagawa mara 10, ncha zitakuwa ngapi?

Binti alichora mpaka mara ya 6, karatasi ikawa nyeusi. Akaacha kuchora, akaanza kupiga hesabu pembeni: 64, 128, 256... Akafika 1,024. Kisha akaniangalia. "Mjomba, kumbe hii ndiyo ile mbili kwa kipeo cha kumi tuliyofundishwa?"

Ndiyo yenyewe, mwanangu.

Sitawadanganya kwamba maua yatamfaulisha mtihani. Bado ana kazi kubwa, na mazoezi hayakwepeki. Ila ninachoamini ni kwamba yule mtoto hakuwa anaikimbia hesabu, alikuwa anaifanya bila kujua jina lake. Tukichoma daftari, tunachoma na mlango aliokuwa anaingilia.

Dada alikaa kimya kidogo, halafu akalirudisha daftari mezani. "Haya. Lakini mbele hesabu, maua nyuma."

Tumekubaliana. Mwenye mtoto wa namna hii atuambie yeye anafanyaje. Nawasilisha.